Wagonjwa Wanaokimbia Kila Asubuhi

Mpendwa Mshauri,

Maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, maana mwenye kosa ni baba mkwe, anayenibana ni bosi, na katikati nimekaa mimi na kompyuta yangu. Mimi ni fundi wa mifumo, raia, nimeajiriwa kwenye chuo kinachofundisha maofisa wa jeshi, na kazi niliyopewa ni kuhamisha kumbukumbu zote za mafunzo kutoka mfumo mkongwe, ule wa skrini nyeusi na maandishi ya kijani ambao mtu akipiga chafya unazima, kwenda mfumo mpya utakaochagua wenyewe nani anafaa kozi gani. Basi tulipoujaribu tukaingiza ombi la kapteni mmoja anayetaka kozi ya makamanda, ukamkataa papo hapo, hafai kiafya, na dada huyo namwona kila asubuhi akipita dirishani kwangu mbio, begi zito mgongoni, wanaume wakihema nyuma yake, nikashangaa, nikachungulia wengine, nikakuta kila mwaka wagonjwa tele, na karibu wote waliugua wakati wa mitihani! Nikawauliza makarani, wakacheka, wakasema, "Kaulize nyumbani kwenu."

Nikauliza. Baba mkwe ndiye aliyeongoza ofisi ya mafunzo mpaka akastaafu, akanijibu bila kupepesa macho, "Mwanangu, mashine ile ilikuwa haijui kurudia. Mtu akianguka somo moja, inamfuta. Nikaamuru aandikwe mgonjwa, apone, arudie mtihani. Ningetupa vijana wazuri kwa sababu ya somo la ramani?" Nikamwambia, baba, hao wagonjwa wako sasa wanafungiwa milango, akasema, "Haya, niumbue mbele ya niliowafundisha," na tangu hapo salamu yangu anaiitikia akitazama ukuta, na mume wangu anataka nimwache mzee apumzike. Nilipomgusia mkuu wa chuo kwamba kumbukumbu zina walakini, akasema, "Hamisha kama zilivyo, wageni wanakuja kwenye uzinduzi, usinitie aibu." Mshauri, nifumbe macho nihamishe, au niseme nivuruge nyumba yangu?

Fundi wa Katikati

Fundi,

Pole. Sasa futa machozi tuongee. Unaujua uongo, umeushika mkononi, halafu unakuja kwangu nikupe baraka za kuuhamisha? Sina.

Mkweo simlaumu sana. Alipewa mashine isiyo na huruma akaitafutia upenyo, na wako watu wana nyota mabegani leo kwa sababu yake. Ila aliondoka bila kuwaambia waliobaki maana ya "mgonjwa" wake, na hilo ni lake. Mumeo anataka baba yake apumzike, sawa, lakini yule kapteni naye ni mtoto wa mtu.

Tena kuna jambo umelipita mbio. Ndani ya orodha hiyo wamo waliougua kweli. Ukiwafuta wote, utampeleka mtu mwenye moyo mbovu kwenye kozi itakayomuua. Nani anaweza kuwatenganisha? Mzee huyo huyo unayemkwepa. Kwa hiyo usiende kwake kuomba ruhusa wala radhi. Nenda na mumeo, kaa chini kwa adabu, umwombe msaada. Anaowakumbuka, muwatenganishe; anaowasahau, daktari wa chuo awapime upya. Kwenye mfumo mpya weka nafasi ya aliyerudia akafaulu, na isimfungie mtu mlango.

Mkuu wako mwandikie kwamba sehemu ya afya haitawashwa siku ya uzinduzi. Akikulazimisha, mwombe kwa heshima amri hiyo aiandike na kutia saini. Utashangaa jinsi kalamu inavyoweza kuwa nzito mkononi mwa mkubwa! Na umuulize atasema nini siku kapteni atakapobisha hodi na cheti cha daktari, akitaka kujua ugonjwa wake ni upi.

Mzee akitazama ukuta, we endelea kuongea. Mwambie, "Baba, uliwaokoa, lakini kazi haijaisha." Mwanajeshi hata akistaafu, akiitwa kazini husimama. Nenda leo, na kompyuta uibebe.