Mwanasha, Uliniinua Kwenye Kiti Kile

Mwanasha, shoga yangu,

Nimerudi mapokezi. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, kisha nikakumbuka. Basi nakuandikia.

Unakumbuka nilivyotoka hospitalini baada ya upasuaji wa tumbo? Nguo zilinipwaya, uso ukasinyaa, mikunjo miwili ikashuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Wageni wa hoteli wakawa wanauliza kama naumwa, na meneja akanihamishia ofisi ya nyuma. Nililia kwenye chumba chako cha kufulia, nawe ukanipangusa machozi kwa taulo la wageni.

Ndipo nikasikia habari za yule mama wa saluni ya Ukunda anayejaza mikunjo kwa sindano. Ulikataa katakata niende peke yangu. Nilikuwa nimeshalala kwenye kiti, dawa imeshavutwa kwenye sindano, ulipomwuliza, "Samahani dada, hiyo ni dawa gani? Na ikimdhuru, utaitoaje?"

Akacheka. "Haitoki, mpenzi. Ndiyo raha yake, ni ya kudumu."

Ukanigeukia, "Mwende, inuka. Twende zetu."

Nilinuna njia nzima. Ukaninunulia viazi karai.

Halafu presha ikakuchukua, ghafla hivyo. Walikuzika Msambweni alasiri ile ile, mimi nikiwa uani na wanawake wenzangu, nimejitanda leso yako.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa ngozi, hapa Diani. Akanieleza taratibu: kuna jeli ambayo mwili huinyonya wenyewe baada ya miezi, na ikileta shida ipo sindano ya kuiyeyusha. Kuna nyingine inayoichochea ngozi ijijaze polepole, lakini hiyo haiyeyushwi. Na kuna mafuta ya kuvutwa kutoka paja langu mwenyewe. Hapo nilicheka, maana paja lenyewe liko wapi? Akasema pia naweza kuuacha uso ulivyo. Nikamwuliza swali lako, neno kwa neno. Hakuficha kitu. Hata jeli ina hatari zake ikiingia kwenye mshipa wa damu. Kisha akafungua boksi mbele yangu, nikasoma jina la dawa.

Nilichagua jeli, kidogo tu. Mistari ya pembeni mwa macho nilimkataza asiiguse. Hiyo tuliipata kwa kucheka, mimi na wewe.

Uvimbe wa sindano ulipopungua nilimwendea meneja, nikamwambia nataka nafasi yangu. Akanirudisha.

Mama yako nilipomwamkia alinishika mashavu. "Umenawiri, mwanangu."

Lakini Mbeyu wa jikoni alikwenda saluni ile ile baada yetu. Shavu lake limefanya vinundu vigumu, na sasa anashinda amejifunika mtandio hadi machoni. Ungekuwa uso wangu ule, Mwanasha. Kila nikimwona nakushukuru.

Jumatatu nampeleka kwa daktari. Anaona haya kuzungumza, kwa hiyo nitauliza mimi, na hataguswa mpaka tumejibiwa. Hilo nakuahidi.

Mungu akuweke pema, shoga yangu. Asante.

Mwende