Chuma cha Pili

Mikumi,
10 Mei, 1975

Kaka Mathias,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe, wifi Katarina na watoto, na kwamba kile kikohozi sasa kinakuacha ulale. Huku tu wazima, isipokuwa shemeji yako Lupakisyo, ambaye umekwisha kumwona hapo hospitali Kilosa na mguu wake uliovunjika. Ahsanteni kwa uji mnaompelekea.

Kaka, bado tunafuata utaratibu uliotuachia wa kulinda mahindi ya kijiji. Mlinzi aliyepanda dungu la juu akipiga chuma kuonya kwamba tembo wamekuja, watu hawatoki. Wanamngoja mlinzi wa dungu la chini, ambaye ni mimi, nione tembo kwa macho yangu ndipo nami nipige. Hapo ndipo kijiji kizima hutoka na mikuki na madebe. Kwa kweli mbio za bure zilikwisha.

Shida ni kwamba dungu la juu ni la mume wangu. Mwezi uliopita alipiga mara mbili, nami sikuitikia maana sikuona kitu. Walimcheka mpaka kilabuni. Mwenyekiti Oswald akasema akirudia atampeleka kufukuza ndege pamoja na watoto. Unamjua shemeji yako, siku ile hakula.

Jumanne asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Chuma chake kikalia, kikanyamaza, kikalia tena ovyo ovyo. Nikapiga changu. Watu walipofika walimkuta chini ya dungu, ngazi imekatika, anagonga chuma kwa jiwe. Akawaambia tembo wawili wamemwangusha. Wachache waliuliza mbona hakuna nyayo. Mwenyekiti akawajibu kwamba vyuma viwili havikosei, Hildegarda ameona.

Sasa kikao kimeamua Jumatatu tuvune yote kabla tembo hawajarudi. Mahindi bado mabichi, kaka! Yakiingia ghalani hivyo yataoza, na tutakula nini mpaka mwakani?

Sikuona tembo. Katika ukungu ule sikuona hata mti wa jirani. Nilipiga kwa sababu nilichoka kusikia mume wangu akichekwa. Najiambia kwamba ningengoja nione, angebaki pale kwenye majani na mguu wake, lakini hilo halinitulizi. Walipokuwa wakimpandisha kwenye lori aliniambia ukweli, kwamba ngazi ilimkatikia tu, akanishika mkono nisiseme. Nikamwahidi.

Kesho baada ya ibada nitasimama niseme mbele ya watu wote. Naogopa sana. Mimi wataninyang'anya chuma, na yeye watamwita mwongo.

Theodory anakuja Kilosa na lori leo, ndiye nimempa barua hii. Ukishaisoma nenda hospitali, ukae karibu yake, umwambie kabla hajasikia kwa watu. Mwambie aliyevunja ahadi ni mimi mkewe, na kwamba akirudi atanikuta nyumbani, kama atataka kurudi.

Wifi nampa mkono, na watoto wapokee salamu za shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Hildegarda