Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Jumanne, Tabora

Acha acheke tena sasa. Mwezi uliopita Karani Maganga wa bomani alisimama mbele ya darasa langu la watu wazima, akasema ninamaliza karatasi za serikali kutafuta wazee wanaoishi peke yao. "Mzee wa kutupwa yuko Ulaya, mwalimu, si kwetu!" Darasa zima likacheka. Nikabaki na chaki mkononi kama mjinga.

Leo utafiti umenifikisha Kwihara. Nyumba ya mwisho nimemkuta bibi kizee analoweka michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ili aweze kuitafuna. Paa limetoboka, kitanda amekisogeza mlangoni kukwepa mvua. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama ana watoto.

"Ninaye mmoja. Maganga, karani wa boma."

Nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi sana.

Alipoona naandika, akanishika mkono. "Mwanangu, andika kwamba huja kila Jumapili."

Nimeandika paa, kitanda, michembe, na maneno yake hayo kama alivyoyasema. Nimemweka wa kwanza kwenye orodha ya wazee.

Jumamosi orodha itasomwa barazani mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa boma, na msomaji ni Maganga mwenyewe, ndiyo kazi yake. Nilingoja siku hii.

Ila nilikosea kumwambia bibi kwamba msomaji ni mwanawe. Uso ulimng'aa. Ameniomba nimpakie kwenye baiskeli, kwa sababu hajawahi kumsikia mwanawe akisoma.

Nimekubali.