Kosa la Mume Wangu Nimelisema Mbele za Watu

Mkunazini, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako umepoa? Na baba, kifua kimetulia na baridi ya ziwani? Huku sote wazima, alhamdulillahi, nami nimenenepa mpaka nguo za harusi zinanibana. Ningepiga simu, lakini jambo lenyewe naona aibu kulisema kwa mdomo.

Mama, huyu Mundhir mliyenipa ni asali. Miezi miwili sasa, haingii ndani jioni bila asumini mkononi, na huzitia mwenyewe nyweleni mwangu. Alasiri, chumba cha chini hujaa vijana anaowafundisha kushiriki katika programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi. Mtu yeyote duniani huyasoma, akiona kosa hupeleka sahihisho, na wasimamizi wakiridhika hulitia. Mimi hupeleka chai, kisha hukaa nyuma nikijifanya nasubiri vikombe. Namtazama yeye, mama, lakini na masikio yanasikia.

Kazi wanaiweza. Kinachowashinda ni kuona haya. Mtoto wa Kiunguja ataanzaje kumwambia mkubwa asiyemjua kwamba amekosea, tena hadharani? Wakiona kosa humvuta Mundhir pembeni, wakamnong'oneza, wakaenda zao. Alikwisha kukata tamaa, akasema mwezi ukiisha atafunga darasa.

Basi Ijumaa tulikwenda Matemwe kwa shangazi yake, Bi Mize, anayelima mwani. Nikamwonyesha kwenye simu programu ya maji kupwa na kujaa, mojawapo ya hizo za akina Mundhir. Ilisema kesho maji yatakauka saa kumi alfajiri. Bi Mize akacheka mpaka akashika ubavu. "Mkamwana, hiyo simu inataka nifunge mwani huku naogelea? Maji makavu ni saa nne, jua lishapanda."

Nikaelewa. Aliyeandika alichukua saa kumi ya Kizungu akaiacha vilevile, hakuigeuza kuwa saa nne yetu. Tuliporudi mjini nikafanya kama nilivyosikia darasani, nikautafuta mstari wa saa nikausahihisha. Nikaandika: Shikamoo, mwandishi wa mstari huu amekosea, saa zigeuzwe, mkulima wa mwani ataingia baharini maji yamejaa. Nikatuma. Nilijiona bingwa.

Kesho yake, Mundhir akiwa kazini, mwanafunzi wake mmoja, Time, akaja mbio. "Bi harusi, umemwanika mwalimu juani."

Kumbe kando ya kila mstari pana jina la aliyeuandika. Akanifungulia nikaliona. Mundhir. Mume wangu, mama. Wanafunzi wote wameshasoma, na watu wa nchi nisizozijua. Nikakumbuka wasia wako ukinifunga kanga siku ya harusi, kwamba kosa la mume husemwa chumbani. Wali ukaungua, nikabaki nautazama.

Jioni akaingia mikono mitupu. Hakuna asumini. Nikajua basi.

"Wewe ndiye uliyeandika kuwa nimekosea?"

"Ndimi."

"Mbele za watu wote wale?"

Nikalia, nikamweleza wasia wako wote. Akanifuta uso kwa kofia yake. "Wasia wa mama ushike. La nyumbani niambie chumbani. La kule liseme kulekule, maana wanaoumia nalo siwajui."

Akanionyesha simu. Chini ya maneno yangu ameandika kwamba kosa ni lake na anashukuru, na sahihisho langu limeshatiwa. Jina langu, Zaituni, liko kwenye orodha ya waliojenga programu ile! Chini yake Time naye amepeleka lake, na wenzake wawili. Darasa halifungwi tena. Asumini alizisahau kwa mbio za kuja kunionyesha. Mpaka sasa siamini, mama.

Mwambie baba namkumbuka, na bibi aniombee dua. Dada mkubwa akimaliza arubaini amlete mtoto tumwone. Mkweo anakuamkia.

Mwanao aliyevunja wasia mara moja tu,
Zaituni

Huenda ikawa mara mbili. Asubuhi hii nimeona kosa lake jingine kulekule kwenye programu. Nimemwacha kwanza amalize chai.