Kitambaa cha Kadhi

Jumanne, 4 Rajabu

Tumemzika kaka asubuhi. Udongo haujakauka, na wazee wa baraza wamekwisha kugawana kiti chake! Walinipa pole, wakala chakula changu cha msiba, wakatafuna tambuu yangu, kisha wakajifungia. Yaya Sanfa alitega sikio. Eti damu ya ufalme nimebaki mimi tu, lakini atawale mume wangu, Waziri Idrisi. Mimi niwe—sijui nini. Pambo.

Idrisi akanibembeleza: pumzika, mke wangu, mambo mazito niachie mimi. Nimemwachia mangapi? Kaka kaugua mwaka mzima, na yeye ndiye aliyepokea wageni. Ameonja, sasa hataki kutema.

Sitaki kupumzika. Nataka kiti cha baba yangu.

Jumatano, 5 Rajabu

Askari walikuja langoni kama kila asubuhi: mfikishieni mtawala salamu, mwambieni tumefika. Mtawala yupi? Watumishi wakatazamana. Nikatoka mwenyewe nyuma ya pazia. "Salamu zimefika. Mtawala ni Raihana binti Omari."

Kisha jemadari wao, mzee wa ng'ambo, akakuna ndevu. "Sawa, bibi. Na mchele wetu wa mwezi atatoa nani?"

Raihana huyohuyo. Nikamwita karani achonge amri kwenye jani la mnazi, kwa jina langu. Kwa woga akajikata kidole kwa kisu chake. Ghala likafunguliwa. Aliyeshiba haulizi kama mtawala ana ndevu.

Idrisi amesusa chakula. Samaki wote nimekula mimi.

Alhamisi, 6 Rajabu

Leo kadhi alikuja barazani na vitambaa vyake viwili vya salamu. Cha kwanza hutupwa miguuni pa mtawala, cha pili miguuni pa waziri. Mimi nilikaa kitini. Idrisi akakaa chini yangu, ila karibu na mlango—mjanja huyo. Kadhi akainama, akatupa cha kwanza kwake.

Mazoea! Mwaka mzima amekuwa akikitupa hapo. Uso ulimbadilika, alijua amekosea. Lakini kitambaa kikishatupwa hakiokotwi, kimeshapata mwenyewe. Idrisi akatabasamu, akasema polepole ili wote wasikie, "Mungu hakosei, mke wangu."

Hasira ilinipanda hadi utosini. Nikashuka kitini, nikapita mbele ya baraza zima, nikasimama juu ya kile kitambaa kwa miguu yangu miwili.

"Haya, kadhi. Kiko miguuni pa nani?"

"Pako, bibi."

"Basi tupa cha waziri."

Akatupa. Idrisi akaninong'oneza kwamba namwaibisha mbele za watu. Nikamwambia aibu kaileta mwenyewe, mimi nimeikanyaga tu. Mzee mmoja wa baraza akajifanya anakohoa. Alikuwa anacheka.

Ijumaa, 7 Rajabu

Jina litakaloombewa dua kwenye hotuba leo ndilo litakaloshika mji wa Male na visiwa vyote. Idrisi kampelekea khatibu jani lenye jina lake. Mimi nikampelekea langu. Maskini, ana majani mawili na shingo moja.

Niko msikitini, chumba cha wanawake, ukuta mmoja na mimbari. Karatasi iko magotini. Amemsalia Mtume. Amewataja masahaba. Sasa ni dua ya mtawala—amenyamaza.

Bado kimya. Sanfa amenishika nguo, anasema tutoke kwa mlango wa nyuma, kuna watu wa kutuficha. Aende yeye. Mimi siendi popote.

Kuna mtu amesema! Katikati ya hotuba, ambapo hata watoto hunyamaza. "Taja jina langu, upesi." Ni Idrisi.

Basi anaogopa. Anaogopa kuliko mimi! Nacheka huku machozi yananitoka. Mwenye kiti chake hakiombi.

Nasikia safu za nyuma, za askari, zinasimama. Wamesimama upande wa nani? Sanfa anasoma dua kwa sauti, nimemwambia anyamaze. Khatibu amekohoa. Anasema, "Ewe Mola, mnusuru Raihana binti—"