Mfupa Uliotoka Shimo la Mboji

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamtusi mtu mzima. Mimi ni Syovata, ni mpishi katika hoteli moja Diani na shamba letu liko Msambweni, udongo wake ni mchanga mtupu, unamwaga maji na hujui yamekwenda wapi, basi nikaanza kubeba ndoo ya mabaki ya jikoni, maganda, majani ya chai, makombo ya sahani, nafukia shimoni nipate mboji, na mwaka huu mchicha umenifika kiunoni, lakini wiki jana paka wa jirani yangu Bi Mwanamisi, ambaye ndiye aliyenipa mbegu ya huo mchicha, alifukua mfupa akaupeleka mpaka kwenye mkeka wake wa kuswalia, mama huyo akaja kuniuliza ni mfupa wa nini, sikumficha, ni wa nguruwe, nikamwambia, "Mama, hii ni mboji tu, udongo haujui dini," na tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo haitikii, na mume wangu Mbuvi anasema, "Funga hilo jaa lako, tununue mbolea ya gunia kama watu," sasa mimi kosa langu ni kulisha ardhi?

Syovata, kulisha ardhi si kosa. Huyo Mbuvi mpe ugali mkavu siku tatu, atajua mchicha ulitoka wapi. Nachemka kila nionapo watu wakifagia majani, wakiyachoma, kisha wakilalamika kuwa ardhi ya Pwani haizai. Itazaaje na njaa?

Lakini wewe! Mpishi mzima, hukujua kuwa nyama shimoni huita paka na panya? Eti udongo haujui dini. Sawa, Mwanamisi anaijua. Alikupa mbegu, ukamrudishia nguruwe juu ya mkeka, kisha ukamsomesha. Hoja ulikuwa nayo, adabu huna.

Leo hii toa kila kipande cha nyama, ukakifukie mbali, kina cha kifua. Makombo ya sahani yabaki hotelini. Beba maganda mabichi, ya mayai pia, na majani ya chai. Kila ndoo ifunike kwa majani makavu, na juu uweke wavu.

Kisha nenda kwa Bi Mwanamisi mikono mitupu. Usithubutu kumpelekea mchicha wa shimo lile, utamtukana mara ya pili. Mwombe radhi, muulize mkeka utoharishwe vipi, ufanye atakavyosema, ufunge mdomo.

Mboji safi ikikupa mchicha mpya, uache uzae. Mrudishie mbegu. Kuzipanda au kutozipanda, hilo ni lake.