Laini kwa Jina la Baba Mdogo

Jumatatu, 9 Septemba

Gunia la nne la mahindi leo. Vidole vinauma kwa kupukuchua. Mama anapukuchua haraka kuliko mimi na bado anapata nafasi ya kunicheka.

Fomu ya kujiunga nimeisoma mara ya sita. Chuo kinafunguliwa Jumatatu tarehe 30, mjini Mbulu. Afya ya mifugo, miaka mitatu. Anayefika bila kulipa ada ya muhula wa kwanza hapokelewi, na nafasi yake anapewa mwingine. Wameandika kwa herufi kubwa kana kwamba sisi ni viziwi.

Ada ipo. Yote. Iko kwenye simu yangu: mahindi ya mama, mchango wa jumuiya ya kanisani, na walichotoa shangazi zangu. Ninasubiri tu namba ya malipo kutoka chuoni. Itakuja Ijumaa kwa meseji. Paskalina wa Endagikot, anayeingia mwaka wa pili palepale, ameshanionya kwamba namba ikifika nilipe siku hiyohiyo. Anasema hela ya ada ikikaa kwenye simu, ukoo mzima unaipangia matumizi.

Jumatano, 11 Septemba

Baba mdogo amekuja. Tangu baba afariki yeye ndiye msimamizi wetu. Mnadani hakuna anayemzidi kwa kuchagua ng'ombe. Anamtazama dume mara moja, anakutajia kilo zake. Ufundi huo ni wa kweli, nakubali. Tatizo anadhani unafaa kwa kila kitu.

Alichukua fomu yangu, akaweka kidole kwenye mstari unaomtaka mwanafunzi aje na kompyuta. Nikamwonyesha maneno yanayofuata: "kama anayo". Hakuyataka.

"Mtoto wa kaka yangu hawezi kwenda chuo mikono mitupu kama anakwenda kuchuma mboga."

Nikamweleza chuo kina chumba cha kompyuta. Paskalina amemaliza mwaka mzima kwa chumba hicho na simu yake ya kupangusa, na amefaulu. Laptop inaweza kungoja mwaka wa pili. Ada haiwezi. Akasema hela hiyo inunue laptop kwanza, ada huwa wanasubiri, yeye anawajua watu wa ofisini. Hawajui hata mmoja.

Nilisema hapana. Kwa heshima, macho chini, lakini nilisema mara tatu. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Baba mdogo aliondoka bila kumaliza chai.

Sijutii.

Ijumaa, 13 Septemba

Simu yangu imekufa. Chaji ipo. Inaandika "hakuna huduma" tangu saa nne asubuhi.

Nimepanda mpaka kule juu shuleni ambako mtandao unashika vizuri. Watu wanapiga, wanacheka na simu zao. Yangu kimya. Nimetoa laini, nimeifuta kwa kanga, nimeirudisha. Nimezima. Nimewasha. Namba ya malipo inakuja leo na mimi sipo hewani.

Nina hofu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeshuka Katesh na basi la kwanza. Dada wa duka la simu aliangalia kwenye mashine yake, akaniambia laini hii imerudishwa jana. Mwenyewe alikuja akasema imepotea, akapewa nyingine.

"Mwenyewe ni mimi," nikamwambia.

Akaangalia tena. Akasoma jina. La baba mdogo.

Nilikaa kwenye benchi lake. Nilikumbuka vizuri sana. Nilikuwa kidato cha tatu, sina kitambulisho, baba mdogo akaweka kidole chake kwenye mashine nami nikaondoka nikiruka kwa furaha. Darasa letu lote tulikuwa hivyo. Huyu ana laini ya mjomba, yule ya babu, mwingine ya katekista. Hata namba ya siri aliiweka yeye, mwaka wake wa kuzaliwa, na sikuibadilisha. Mwaka jana nilipata namba yangu ya kitambulisho cha taifa. Nikasema nitabadilisha. Wiki ijayo, mwezi ujao, baada ya mavuno. Mjinga mimi.

Dada wa duka hana kosa. Kwenye mashine yake laini ni ya baba mdogo, na kila kilichomo ni chake. Nilimpigia kwa simu ya dukani. Hakupokea. Leo ni siku ya mnada Basotu.

Nilirudi na hasira mpaka nikapitilizwa kituo. Nikatembea kurudi nyuma, ikawa nafuu kidogo.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada baba mdogo alituita nje ya kanisa. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa unga, amefunga kwa kamba. Laptop. Kubwa kuliko Biblia ya madhabahuni. Aliinunua jana mnadani, kwa mtu aliyetandika turubai lenye mashati, redio na sola. Zilikuwepo tatu, akachukua iliyo nzito kuliko zote. Alisema hivyo kwa sauti, kwa fahari: "Nilizipima zote kwa mkono."

Jumuiya nzima ilipiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu waliochanga ada yangu wakaishangilia ada yangu ikiwa kwenye mfuko wa unga.

Nilimwamkia. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asante, kwa sababu mama alikuwa ananitazama na mchungaji alikuwa ananitazama. Nimejichukia kwa asante ile siku nzima.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeikagua kwa baba Anjela, fundi wa kuchaji simu, kwenye umeme wake.

Ikiwa kwenye waya inawaka. Ukichomoa waya inazima baada ya dakika nne. Mara ya pili, tatu na nusu. Inadai nywila ya mtu anayeitwa Bwana Stoo. Kitufe cha herufi A hakibonyei. Hakuna risiti, hakuna namba ya simu ya muuzaji.

Kabla ya kununua mashine ya mtumba unachomoa waya, unasubiri, unaiwasha na kuingia mwenyewe kwa nywila. Dakika kumi tu. Paskalina aliniambia, nilimwambia baba mdogo siku ile ya fomu, na baba mdogo akapima uzito.

Siku kumi na nne zimebaki. Naitaka hela yangu. Nitaitisha kikao.

Jumanne, 17 Septemba

Msichana haitishi kikao kwetu. Nimeitisha. Shangazi mkubwa alikuja kwa udadisi tu, mzee wa jumuiya alikuja kwa sababu ya shangazi, na baba mdogo alikuja akidhani namshukuru rasmi.

Sikuanza na laini wala hela. Nilimwomba baba mdogo anieleze jambo la mnadani, maana nakwenda kusomea mifugo. Mtu akiuziwa ng'ombe mwenye ugonjwa uliofichwa, inakuwaje?

Uso ulimng'aa. Akaeleza vizuri kabisa. Unamrudisha mnada unaofuata, na mashahidi waliokuona ukinunua. Wazee wa mnada wanakaa. Ugonjwa ukionekana mbele yao, muuzaji anachukua ng'ombe wake na hela inarudi. Akikataa, hauzi tena Basotu.

"Na dume lisiloweza kusimama bila kushikiliwa?"

"Hilo si dume. Hiyo ni nyama."

Tulikuwa tumekaa kwa baba Anjela. Nikaiwasha laptop, nikachomoa waya, nikaiweka mapajani mwake. Tukasubiri. Shangazi alikohoa. Ilipozima, kioo kikawa cheusi, na sote tukaona uso wa baba mdogo humo ndani.

Ndipo nikasema yote. Kwamba alichukua laini kwa kidole chake na hela kwa namba yake ya siri. Kwamba alinisikia nikikataa na bado akaenda. Kwamba hiyo ilikuwa nafasi yangu ya chuo. Nilifika mwisho.

Alisema, "Nilitaka usidharaulike."

Nikamwambia wa kwanza kunidharau ni yeye.

Niliogopa atanipiga. Akainuka, akachukua laptop yake, akaondoka nayo kwapani.

Jumatano, 18 Septemba

Mama hanisemeshi. Amesema sentensi moja tu tangu jana: "Umemvua nguo mbele za watu." Baadaye akaniwekea maziwa ya mgando mezani. Nimeyanywa.

Nampenda mama. Siombi radhi.

Ijumaa, 20 Septemba

Katesh tena. Duka lilelile, dada yuleyule, amenikumbuka. Nimesajili laini kwa namba yangu na kidole changu. Skrini ikaandika majina yangu yote matatu. Namba ya siri nimechagua mwenyewe, si mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote aliye hai au aliyekufa. Siiandiki hata humu.

Nimepiga chuoni. Bibi mmoja wa ofisi ya uhasibu, lafudhi ya Pwani, amenitumia namba ya malipo kwenye laini mpya. Mwisho wa kulipa ni tarehe 30 saa nne asubuhi. Nikamuuliza kama wanaweza kusubiri. Alicheka kwa upole, akasema hapana mwanangu.

Namba ninayo. Hela sina.

Alhamisi, 26 Septemba

Hakuna habari. Baba mdogo haonekani. Shangazi amekuja kunishauri niende mwakani, nitulie, nimwombe msamaha. Mwakani! Nimemwambia nitakwenda Jumatatu hata kama nitakaa getini. Akasema nina mdomo. Ninao.

Nimepanga nguo kwenye begi. Zimekuwa chache kuliko begi.

Jumamosi, 28 Septemba

Pikipiki ya baba mdogo ilifika kabla jua halijachomoza. Hakuzima injini. "Panda." Laptop ilikuwa mgongoni mwake kwenye ule mfuko wa unga. Nikapanda. Jua lilikuwa limeshapanda tulipoliona ziwa la Basotu.

Muuzaji alikuwepo, turubai lilelile. Alisema mali ikishauzwa hairudishwi. Baba mdogo akamwambia, "Huko kwenu. Hapa inarudishwa." Akaenda kuwaita wazee wa mnada, akaleta na wanaume wawili waliomwona akinunua.

Muuzaji akacheka kwamba hii si ng'ombe. Mzee mmoja akamuuliza kama ameilipia ushuru wa mnada. Ameilipia. "Basi imo mnadani." Mzee yule hajawahi kushika laptop maisha yake. Akaniambia nimwonyeshe ugonjwa. Muuzaji mwenyewe alikuwa na betri ya sola. Tukachomeka, ikawaka. Tukachomoa. Mzee akatoa saa mfukoni, akahesabu kwa sauti na watu wakajazana. Dakika tatu.

Kesi ikaisha. Wazee walimwachia muuzaji kidogo kwa ajili ya wiki mbili tulizokaa nayo. Kidogo hicho baba mdogo alikijaza kutoka mfukoni mwake, amenipa kisogo, akidhani sioni.

Alinikabidhi hela zote mkononi. Si kwa mama. Mimi. Tukaenda kwa wakala. Nilipofika kwenye namba ya siri, baba mdogo akageuka, akatazama ng'ombe. Alitazama ng'ombe muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Meseji ya chuo ilikuja palepale: malipo yamepokelewa.

Hajaomba msamaha, na mimi sijaomba. Njiani alisema barabara ina vumbi. Nikasema kweli.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimepokelewa. Kitanda cha juu, chumba cha wanne.

Kwenye foleni kulikuwa na mtu mwenye fulana safi akijiita msaidizi wa wanafunzi wapya. Anachukua simu, anaomba namba ya siri "akuunganishie kifurushi cha chuo". Msichana mbele yangu alikuwa ameshafungua mdomo kuitaja. Nikamshika mkono. Nikauliza kwa sauti msaidizi ni wa ofisi gani na jina lake nani. Foleni yote ikageuka. Ghafla akawa na haraka, akaondoka.

Msichana akaniuliza nimejuaje. Nikamuuliza laini yake imesajiliwa kwa jina la nani. Akafikiri. La kaka yake, alisema. Nikamwambia tukimaliza hapa twende mjini pamoja. Tulikwenda watano.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Kipindi cha anatomia saa mbili.

Saa moja na nusu simu ililia. Hela ya matumizi kutoka kwa mama. Miaka yote mama akinitumia hela shuleni, meseji ilikuja na jina la baba mdogo. Nilizoea. Sikuwahi kujiuliza laini ya mama imesajiliwa kwa jina la nani.

Leo imekuja na jina la mama. Lote, pamoja na lile la ubatizo ambalo hakuna anayemwita.

Nilimpigia. Alikwenda Katesh jana, peke yake, na kitambulisho amekifunga kwenye pindo la kanga. Mashine ilikataa vidole vyake. Vimelika kwa jembe na mahindi, havina alama. Walijaribu dole gumba, cha shahada, vyote, wakamwambia aende akamlete mwanaume wa nyumbani. Akawaambia hatoki. Akaomba maji ya moto na mafuta, akakaa kwenye benchi akilainisha mikono mpaka mchana. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichosoma.

Nikamuuliza kama baba mdogo anajua.

"Atajua akitaka kujua," alisema. Kisha akasema salio linakwisha, akakata.

Nimeisoma ile meseji tena. Nimeingia darasani.